Fundi Kepher na Namba za Askari

Kepher Owino alipenda kusifiwa, na afadhali tuliseme hilo mapema, maana ndilo lililomponza. Ukivaa suruali aliyoishona yeye, kisha ukapita kimya mbele ya veranda ya duka la Mhindi pale Kapsoit alipoweka cherehani yake, usidhani umepita. Angekuita. "Wewe, rudi hapa. Geuka. Unaona vile inakaa? Sasa nenda, ambia watu ni nani ameshona." Watu walimcheka, lakini vitambaa vyao walimpelekea yeye, kwa kuwa kazi aliijua.

Alikuja nchi ya chai mwaka wa 1926 akitokea upande wa ziwa, kijana mwenye blanketi moja na barua ya padri. Alianza kwa kung'oa visiki ili miche ipandwe, akachuma chai msimu mmoja, akagundua kwamba mgongo wake haukuumbwa kwa ajili ya kikapu na mvua ya kila alasiri. Kushona alikuwa amefundishwa misheni. Basi akatoka mashambani, akakaa kwenye veranda, na kufikia mwaka wa 1934, ambao ndio mwaka wa habari hii, alikuwa na mke, Jerusa, na binti, Celine, na watu waliomwita Fundi hata kama jina lake hawakulijua.

Tena alikuwa na kazi ya serikali. Askari wa kambi ya chifu, wale waliokagua vipande vya utambulisho barabarani na kusaka pombe kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa chai, walivaa mashati ya kaki yaliyotoka mkononi mwake. Walikuwa ishirini na wanne. Amri ilitaka kila shati liwe na namba kifuani, nyeupe juu ya kitambaa chekundu, ili raia akionewa ajue ni askari gani amemwonea. Amri nzuri kabisa. Tatizo lilikuwa kile kitambaa chekundu, ambacho kilichuja rangi kila kilipoguswa na maji. Baada ya kufua mara moja tu, askari wote ishirini na wanne walikuwa na vifua vya waridi, na akina mama sokoni walicheka mpaka wakaketi chini.

Askari walimrudia fundi wakiwa wamevimba kwa hasira. Kepher akafikiri siku mbili, akapata dawa. Alizibandua namba zote, akazitia tundu kila upande, na kwenye mashati akaweka vifungo viwili viwili, ili namba ivuliwe kabla ya kufua na irudishwe shati likikauka. Vifungo vya dukani vilikuwa adimu miaka ile mibaya ya biashara, kwa hiyo alivichonga mwenyewe kutokana na vibuyu vya maziwa vilivyovunjika, vile ambavyo Wakipsigis huvisugua ndani kwa mkaa. Kila kifungo kilikuwa cheusi upande mmoja na cha kahawia upande wa pili. Hakuna fundi mwingine kutoka Kiptere mpaka Kericho aliyekuwa na vifungo kama hivyo, na Kepher aliwaonyesha wateja wake mpaka wakachoka kuviona.

Mwaka huohuo Kericho ilipata Bwana Shauri mpya, yaani mkuu wa wilaya. Mzungu huyo aliletewa barua nyingi za kuwalalamikia askari wa kambi ile, akachoka kuzisoma, akaamuru iundwe kamati ya watu watatu wasio askari. Ikae kila Alhamisi, isikilize raia, iandike, impelekee karatasi. Haikupewa uwezo wa kumfunga mtu wala kumfukuza kazi. Waliochaguliwa walikuwa Arap Birir, mzee wa Kikipsigis mwenye ng'ombe wengi na maneno machache; Mwalimu Ongeri, Mkisii aliyefundisha shule ya misheni, naye ndiye aliyeshika kalamu; na Kepher, kwa sababu watu wa ziwa nao walihitaji mtu wao.

Alhamisi ya kwanza Kepher alivaa koti. Alimwambia Jerusa kwamba sasa askari wamepata watu wa kuwatazama.

"Mtawatazama," Jerusa akasema, akikoroga uji. "Na wao watawatazama nyinyi. Tutaona nani atachoka wa kwanza, Wuon Celine." Ndivyo alivyomwita siku zote, baba Celine, kwa lugha ya kwao ziwani.

Arap Birir alianza kwa kukataa kukaa katika ofisi ya kambi. Alisema kwamba kwao shauri la mtaa husikilizwa na kokwet, majirani wote, kwenye nyasi, mahali ambapo mpita njia yeyote anaweza kusimama na kusikia, na kila anayefika huweka fimbo yake chini kabla ya kuketi. Mkubwa na mdogo. Basi meza ikatolewa nje, ikawekwa kwenye uwanja wa soko. Koplo wa kambi, mtu mfupi mwenye kifua kipana aliyeitwa Mosonik, alicheka kidogo, lakini rungu lake alilitua chini kama wengine. Kepher alipoliona lile rungu limelala kwenye nyasi kando ya fimbo za wachungaji, moyo wake ulifurahi. Aliamini kazi imeanza.

Haikuwa imeanza. Karatasi ya Bwana Shauri ilikuwa na mahali pa jina la mlalamikaji, mahali pa tarehe na mahali pa namba ya askari. Watu walikuja. Huyu amenyang'anywa jogoo, yule amepigwa mateke njiani akitoka kanisani. Mwalimu Ongeri angeuliza, "Askari namba gani?" na mtu angejibu, "Hakuwa na namba." Hapo Koplo Mosonik, aliyesimama kwa niaba ya kambi, angetikisa kichwa kwa huzuni isiyo yake.

"Mwalimu, bila namba mimi nitauliza nani? Askari ni wengi. Pengine ilikuwa mwizi tu, amevaa kaki."

Mwalimu aliandika *haijulikani*, na jambo likaishia hapo. Malalamiko tisa yalizikwa hivyo. Kufikia mwezi wa tatu wa kamati watu walianza kuuzunguka uwanja siku ya Alhamisi, wasije wakaitwa. Wale watatu walikaa kwenye meza yao wakipunga nzi, na askari wakipita waliwaamkia kwa adabu nyingi mno, adabu ya mtu anayejizuia kucheka. Mahali fulani ndani yake Kepher alijua namba zilikuwa zinakwenda wapi. Lakini hakutaka kulitazama jambo hilo usoni, maana vile vifungo vilikuwa fahari yake.

Ndipo lilipokuja shauri la Ogeto.

Ogeto alikuwa mchuma chai, Mkisii mrefu, mwembamba, mpole wa kupindukia. Jumapili moja mchana askari waliingia kwenye laini kusaka pombe. Kwa Ogeto hawakupata pombe, walipata sufuria ya maharagwe. Askari mmoja akaipiga teke. Ogeto akauliza maharagwe yamekosa nini. Rungu likamshukia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mfupa ukavunjika, na alipoanguka askari yule akaikata kamba shingoni mwake, akaondoka na kipande.

Kipande, kwa asiyekumbuka, kilikuwa kikebe cha bati chenye karatasi ya jina na alama za vidole, na kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kukivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Kilichukiwa na kila mtu. Lakini kukikosa kulikuwa balaa zaidi. Bila kipande Ogeto hakuweza kuandikwa kazi, na kwa mkono uliovunjika hakuweza kuchuma, basi nyapara wake akamwandika mtoro. Kesi ya utoro ikapangwa Kericho, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Asipokuwa na kipande siku hiyo, au mtu wa kueleza kilivyopotea, ni jela, na mkewe na mtoto wangetolewa kwenye nyumba ya laini siku hiyohiyo.

Alhamisi baada ya kupigwa, Ogeto alifika mbele ya meza, mkono umefungwa kwa vijiti na kitambaa. Mkewe, Bosibori, alisimama nyuma yake.

"Namba?" akauliza Mwalimu Ongeri, na sauti yake ilikuwa imechoka tayari.

"Hapana namba," akasema Ogeto. "Kwa kifua ilikuwa vifungo mbili tu. Na kofia ameshusha hivi, uso sikuona."

Koplo Mosonik akaanza kutikisa kichwa. Lakini Bosibori alisogea mbele, akafungua fundo kwenye pindo la shuka yake.

"Mimi nilimshika hapa," akasema, akijigusa kifuani. "Nikavuta. Hii ikabaki kwa mkono yangu."

Akaweka mezani kifungo kimoja chenye uzi na kaki iliyoraruka nacho. Kifungo kilikuwa cheusi upande mmoja, cha kahawia upande wa pili.

Kepher alikitambua kabla ya kukishika. Siku tatu tu zilizopita, Jumatatu asubuhi, Koplo Mosonik mwenyewe alikuja kwenye veranda na shati lililochanika kifuani. Alisema ameshikwa na miiba ya ua. Kepher alitia kiraka na kifungo kipya huku Koplo akisubiri, akinywa chai ya Jerusa, na alipomaliza alimwambia ageuke mwangani. "Unaona? Mtu hawezi kujua ilipasuka." Koplo alimsifu sana. Na Kepher, Mungu amsamehe, alikwenda nazo zile sifa mpaka nyumbani.

Sasa aliinua macho. Koplo alikuwa anamtazama. Hakumkunjia uso wala hakumtisha. Alimtabasamia kama mteja anavyomtabasamia fundi wake.

Na Kepher akasema neno aliloliona aibu mpaka alipokufa. "Tuweke hii maneno mpaka Alhamisi ijayo. Tuangalie vizuri." Akakichukua kifungo na ile kaki, akavitia mfukoni mwa koti.

"Tata," akasema Bosibori polepole, akimwita baba kwa Kikisii, "Alhamisi ijayo, kesho yake ni kesi."

"Najua, mama."

Bosibori alimtazama kidogo, kisha akamshika mumewe mkono ule mzima, wakaondoka. Arap Birir alimgeukia Kepher na kumwangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Jumamosi Koplo alipita verandani. Alileta habari kwamba kambi itabadilisha mashati yote, na makoti ya mvua juu yake. "Kazi kubwa namna hii inataka fundi anaelewa watu," akasema. Habari za kifungo hakuzigusa. Kepher akajibu, "Asante, Koplo," akasikia sauti yake mwenyewe, akaichukia.

Jumapili baada ya kanisa Jerusa alilitoa koti ili alianike, akakuta kilichokuwa mfukoni. Hakupiga kelele. Alikiweka mezani kando ya sahani ya mumewe, akaketi, akangoja. Kepher akamweleza yote, kuanzia Jumatatu.

"Kwa hivyo," akasema Jerusa, "umekaa kwa ile meza miezi tatu unauliza watu namba, na namba umezifanya za kuvua."

"Nilifanya kwa sababu ya kufua!"

"Najua. Nani amesema ulifanya kwa ubaya? Lakini mkono ya huyo kijana haitapona kwa sababu wewe ulifanya kwa uzuri."

"Nikisema, kazi ya kambi imekwisha. Unaelewa hiyo? Imekwisha kabisa."

"Naelewa. Nitauza mboga. Celine atavaa nguo ya mwaka jana." Alikisukuma kile kifungo karibu naye zaidi. "Lakini ukinyamaza, Wuon Celine, hiyo koti usivae tena Alhamisi. Kaa hapa nyumbani na cherehani yako. Afadhali watu wajue hakuna kamati, kuliko wafikiri iko."

Kepher hakula siku ile. Alikasirika sana, kwanza kwa Jerusa, kisha kwa Koplo, na mwishowe, kwa kuwa hakubaki mwingine, akajikasirikia mwenyewe. Hapo ndipo alipopata utulivu kidogo.

Alhamisi uwanja ulijaa. Habari za kifungo zilikuwa zimezunguka laini zote, na wachumaji waliomaliza zamu mapema walikuja na vikapu vyao mgongoni. Fimbo zililala kwenye nyasi, rungu la Koplo likiwa miongoni mwake. Arap Birir alikuwa ameketi, Mwalimu amefungua karatasi. Kepher akafika amevaa koti lake, akafika kwenye kiti chake, lakini hakuketi. Alipita meza, akaenda kusimama upande wa pili, pale wanaposimama watu wenye neno la kusema.

"Fundi, umepotea kiti?" Koplo akauliza, na wachache wakacheka.

"Sijapotea," akasema Kepher. Akafunga kifungo cha koti lake. "Leo mimi ni shahidi."

"Basi hakuna kamati," Koplo akasema haraka. "Amri ya Bwana Shauri inasema watu watatu. Huyu akitoka, iko wawili. Mambo imekwisha, twende nyumbani."

Mwalimu Ongeri akaitazama karatasi kwa wasiwasi, maana ni kweli iliandikwa hivyo. Arap Birir akakohoa.

"Kwetu," akasema, "mzee akiona kitu kwa macho yake, anasimama upande ule, anasema, halafu anarudi kukaa na kunyamaza. Hakuna mtu anasema amekufa. Mimi nahesabu watatu. Huyu ni mmoja, yule ni wawili, na huyo amesimama pale ni watatu. Sema, Fundi."

Kepher akasema. Alieleza Jumatatu, shati, kiraka, ua wa miiba, chai. Alikitoa mfukoni kifungo alichokileta Bosibori pamoja na ile kaki, akaviweka mezani, akaeleza kuwa kifungo kile ni kazi ya mkono wake na kwamba hakuna mwingine anayetengeneza vifungo kama hivyo. Angeweza kuishia hapo. Ushahidi ulikuwa umetosha, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Lakini alipotupa macho aliwaona watu wa Alhamisi zilizopita, yule wa jogoo, yule wa kupigwa mateke, wamesimama nyuma kabisa kama watu wasiotaka kuonekana kwamba wamekuja.

"Kuna neno lingine," akasema. "Namba za kuvua, nilizifanya mimi. Kwa sababu ya ile rangi. Niliona nimefanya akili. Nyinyi mlikuja hapa tukawauliza namba, namba, na sisi tulikuwa... mimi nilikuwa nimewapa njia ya kuificha. Nisameheni."

Yule mwenye jogoo akapaza sauti, "Kumbe ni wewe!" na uwanja mzima ukavuma. Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Mama mmoja alitema mate chini. Kepher alisimama akayapokea yote, uso ukimwaka moto, wala hakujitetea kwa habari ya kufua.

Arap Birir akainua mkono. "Koplo. Vua namba."

Mosonik akatazama kulia na kushoto. Rungu lake lilikuwa mbali, na kati yake na rungu kulikuwa na wachuma chai wapata mia moja wasio na haraka. Akafungua vifungo viwili. Namba yake, namba tatu, ikatoka. Chini yake, kwenye kaki, palikuwa na kiraka nadhifu sana, na Bosibori alipoichukua mezani ile kaki iliyoraruka na kuiweka juu yake, ilikaa pale pale, mpaka pembe zake.

"Na kipande?" akauliza Mwalimu.

"Kipande..." Koplo akapangusa mdomo. "Kipande niliokota njiani. Nilikuwa nataka kuleta."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

Hapo hata Arap Birir alicheka, na Arap Birir hakuwa mtu wa kucheka. Mwalimu Ongeri akachovya kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu kamati izaliwe, akaandika tarakimu mahali pa namba. Kisha akaikunja karatasi, akaitia ndani ya kofia yake kwa ajili ya mvua, na alasiri hiyohiyo yeye na Kepher wakashika njia ya Kericho kwa miguu ili imfikie Bwana Shauri kabla ya kesi. Walifika wamelowa mpaka mifupa. Karatasi ilikuwa kavu.

Sasa, kama ulitegemea Koplo afungwe, hakufungwa. Bwana Shauri aliisoma karatasi, akaita huyu na yule, akamvua Mosonik utepe wake wa ukoplo na kumpeleka kulinda daraja ambalo hakuna aliyelipita. Kwa mkono uliovunjwa, hiyo ni adhabu ndogo, na mimi sitaipamba. Mfupa wa Ogeto uliunga ukiwa umepinda, akahamishiwa kiwandani kupepeta majani, kwa sababu kuchuma hakuweza tena. Kazi ya mashati mapya nayo ilipewa fundi mwingine, kama Kepher alivyotabiri, na Jerusa akauza mboga kama alivyoahidi.

Lakini amri ilitoka kwamba namba zote zishonwe moja kwa moja kwenye shati, na kazi hiyo Kepher aliiomba aifanye bure. Alizishona kwa mishono miwili miwili, kwa uzi uliotiwa nta, kiasi kwamba ukitaka kuitoa namba ni lazima utoke na shati zima. Vifua vikarudi kuwa vya waridi, akina mama sokoni wakarudi kucheka, na safari hii hakukuwa na dawa. Kamati iliendelea. Kepher alikaa ndani yake miaka mitano. Walishindwa mara nyingi. Kuna mzee wa Kiptere ambaye ng'ombe wake hawakurudi mpaka leo. Hata hivyo watu hawakuuzunguka uwanja tena. Alhamisi moja alikuja hata askari wa kambi, amelitua rungu lake kwenye nyasi, amepanga mstari na raia, ana malalamiko juu ya sajini wake.

Hayo yote Kepher aliyasimulia kwa haraka, ukimuuliza. Alichokisimulia polepole kilikuwa Jumanne ile ya baraza, siku nne baada ya kesi ya Ogeto kufutwa. Bwana Shauri alikuwa ameamuru kwamba kipande kirudishwe mbele ya watu, na aliyekichukua akirudishe kwa mkono wake mwenyewe.

Mosonik alisimama katikati ya uwanja akiwa na kile kikebe cha bati kwenye kamba mpya. Alikinyoosha. Ogeto aliutazama mkono wake wa kulia uliofungwa vijiti, na wa kushoto ulikuwa umempakata mtoto. Mosonik akangoja, akakinyoosha tena.

"Hana mkono wa kupokea," akasema Bosibori, bila kupandisha sauti. "Mvalishe."

Kepher alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kile cha tatu cha kamati. Hiki kilikuwa kipande, kengele ya mbuzi, kitu ambacho kila mtu pale alikilaani kila asubuhi akikivaa, na yeye alikuwa tayari kulia kwa furaha ya kukiona kinarudi shingoni mwa mtu. Aliona upuuzi wake, na bado akafurahi.

Ogeto alikuwa mrefu, na Mosonik alikuwa mfupi. Mtu mwingine yeyote, kwa tabia njema tu, angeinamisha kichwa kidogo ili kumrahisishia mwenzake kazi. Ogeto hakuinama. Alisimama wima na mtoto wake, akitazama mbele, na Mosonik ikambidi ainuke kwa vidole vya miguu, mikono yote miwili juu, taratibu, asiuguse ule mkono uliovunjika, mpaka kamba ilipopita kichwa.